Muuza Biskuti na Mtoto Aliyekataa Majani

Habari ya kifo chake niliipokea asubuhi, nikiwa uani nachambua mboga za mchana. Aliyepiga simu alikuwa mke wake, mama ambaye tulikuwa majirani miaka yote niliyoishi Bweremana, kabla kazi haijanileta Goma. Hakulia. Alizungumza taratibu mno, kama mtu anayeogopa sauti yake mwenyewe. "Dada, papa ametuacha jana mangaribi," alisema juu ya mume wake. Hakungoja pole yangu. Akaongeza jambo lililonifanya niache mboga pale chini na kwenda kutafuta boti siku hiyohiyo: "Na mutoto anafunga kinywa. Hakuna kintu anakubali. Anarudia vile alikuwaka. Kuya, tafazali."

Wanaonisoma hapa kila mara wanajua kwamba naandika juu ya mambo ya nyumbani: maziwa yanayokatika, watoto wasiolala, wakwe wasioelewana. Swali ninaloulizwa na akina mama kuliko yote ni la mtoto asiyetaka mboga na matunda. Afanywe nini? Alazimishwe, abembelezwe, aachwe mpaka njaa imfundishe? Nimelijibu mara kadhaa, na majibu yangu yalikuwa mazuri kwa watoto ambao hawajapatwa na kitu. Leo nataka kusimulia juu ya mtu mmoja aliyelijibu swali hilo kwa njia yake, na juu ya mtoto ambaye kwake swali lenyewe lilikuwa zito kuliko tulivyodhani. Sina furaha ninapoandika. Nimerudi kutoka matangani na moyo haujatulia.

Mume wa mama yule alizaliwa upande wa Butembo, katika familia ya Wakatoliki wafanyabiashara, akaja huku kwetu akiwa bado kijana. Kwa miaka mingi lori lake lilipeleka chumvi, sabuni na biskuti hadi Ntoto na vijiji vingine vya Walikale, likirudi na mawese na mikungu ya ndizi. Mgongo ulipochoka na mashimo ya barabara aliuza lori, akafungua duka Bweremana, karibu na mahali mitumbwi ya wavuvi inapotua, akaoa mwanamke wa Nyamitaba, binti wa wakulima wa mlimani. Hawakujaliwa mtoto. Labda ndiyo sababu kila mtoto aliyetumwa dukani kwake alitoka na biskuti mkononi, hata kama alitumwa kibiriti tu, na kwa hiyo mtaa mzima ukamwita Papa Biskwi. Alikuwa mnene, mwenye kicheko kilichosikika hadi ziwani, na Jumapili aliimba kwa sauti nzito akiwatangulia wenzake kwa neno moja, bila kujali macho ya mwalimu wa kwaya.

Jambo jingine lililojulikana juu yake ni kwamba hakula mboga. Bugali kwa nyama, bugali kwa samaki, muhogo kwa nyama tena. Mke wake alilima karoti, kabichi tunayoiita shu, na mchicha wetu wa lengalenga nyuma ya nyumba, na alikuwa na mpapai uliozaa kupita kiasi, lakini vyote hivyo aliviuza au kuwapa majirani. Nilimtania siku moja nikiwa nimekuja kununua sabuni. Alijibu bila hata kuinua macho kwenye mzani: "Dada, majani njo chakula ya mbuzi. Miye nakulaka mbuzi mwenyewe." Wateja walicheka, mimi pia nilicheka. Mke wake peke yake hakucheka. Baadaye ndipo nilipojua sababu: wakati ule tayari kituo cha afya kilikuwa kimemwambia mumewe kwamba ana ugonjwa wa sukari, na yeye alikuwa amemkataza mke wake kumwambia mtu yeyote.

Mtoto alikuja katika nyumba hiyo wakati wa mvua. Alikuwa msichana wa miaka sita au saba, binti wa dada mkubwa wa mke wa Papa Biskwi. Mapigano yalipofika Nyamitaba, mama yake alimchukua akafuata watu waliokimbilia upande wa Walikale. Walikaa msituni muda mrefu, wakilala hapa, wakihama tena, mpaka wakafika Ntoto, na huko Ntoto mama akafariki. Wanawake waliokuwa wanateremka kuelekea ziwani walimleta mtoto, kwa kuwa alijua kutaja jina la mama yake mdogo na neno Bweremana. Nilimwona siku ile ile ya kwanza. Alikuwa amekaa kwenye gunia la chumvi dukani, shingo nyembamba, macho makubwa, na biskuti katika kila mkono. Hakuzila kwa haraka kama mtoto mwenye njaa. Alizila kwa uangalifu, akiokota hata vumbi lake kwenye nguo.

Wiki za mwanzo hakuna aliyemsumbua. Alikula biskuti, mkate, wali mweupe, bugali mkavu bila kitoweo. Kila mtu alisema muacheni kwanza apate nguvu. Lakini miezi ilipita na hakubadilika. Chochote chenye rangi ya majani kikiwekwa mbele yake alikaza meno, akageuza uso ukutani. Si sombe ya majani ya muhogo, si lengalenga, si majani ya maboga. Hata avoka, yaani parachichi, aliikataa kwa sababu ni ya kijani, na papai kwa sababu iliwekwa sahani moja na avoka. Majirani wakaanza kusema maneno yale tunayoyajua wote: ameharibiwa na biskuti, anaringa, mtoto wa kukimbia vita anachagua chakula, je, asingekimbia angekuwaje? Wakati huo fizi zake zilikuwa zinatoka damu. Shuleni alisinzia mezani. Kisha mama yake mdogo akagundua kwamba jua likianza kuzama mtoto anatembea akishika ukuta, na anajikwaa kwenye vigoda anavyovijua. Muuguzi wa kituo cha afya alimpa dawa ya matone, akasema wazi kwamba dawa hiyo peke yake haitoshi, kwamba mtoto huyu asipokula mboga, mawese na matunda macho yake yataharibika na hayatarudi.

Papa Biskwi aliichukua kauli hiyo kama mfanyabiashara anavyochukua habari ya daraja lililovunjika: lazima ipatikane njia nyingine leo. Njia yake ya kwanza ilikuwa nguvu. Alimshika mtoto juu ya magoti yake, mke wake akashika kijiko, na sombe ikaingia kinywani. Ilitoka vilevile, pamoja na yote yaliyokuwa tumboni, juu ya viatu vyake vya Jumapili, mbele ya wateja. Mtoto hakulia. Alitetemeka tu, na jambo hilo lilimtisha yule mzee kuliko kilio. Hakurudia tena. Njia ya pili ilikuwa ile ya duka: kijiko kimoja cha mboga, biskuti moja. Hapo alifurahi sana, kwa sababu mtoto alikubali. Alifungua kinywa, akapokea mboga, akachukua biskuti, akatoka nje kuila. Papa Biskwi alinitangazia ushindi huo kutoka ng'ambo ya barabara. Siku chache baadaye mke wake alimkuta mtoto nyuma ya nyumba, akitoa mboga shavuni na kuwawekea kuku. "Njo maana kuku yetu inanona hivi," aliniambia mama yule mbele ya mumewe, na wote wawili wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Lakini nilipomtazama mumewe vizuri niliona kwamba yale machozi hayakuwa ya kicheko yote.

Ilikuja mchana mmoja ambao sitausahau. Mvua kubwa ilinikuta dukani, nikakaa kwenye benchi kungoja ipungue. Hakukuwa na mteja mwingine. Mtoto alikuwa anapanga mishumaa kwenye rafu, na Papa Biskwi alikuwa amekaa nyuma ya kaunta. Ghafla akamuuliza, si kwa ukali, si kwa kubembeleza, kama vile angemuuliza mtu mzima bei ya mawese huko Ntoto: "Mutoto wangu, ile majani ilikufanyaka nini?"

Mtoto hakugeuka. Aliendelea kupanga mishumaa. "Majani inauaka," alisema.

"Ilimuua nani?"

"Mama. Mu pori tulikuwa tunakula majani tu, bila munyu. Mama alikuwa anakula mingi, eti tumbo ishibe. Halafu akaanza kutapika. Halafu akakufa."

Mvua iliendelea kupiga mabati. Nilimwangalia yule mzee nikitegemea atamwambia neno la haraka, lile tunalolisema watu wazima kuziba kinywa cha mtoto: hapana, si hivyo, usiseme hivyo. Hakusema. Aliinuka, akapita nyuma kupitia mlango wa uani, katika mvua ileile, akarudi na shada la lengalenga linalodondosha maji. Akamwita mke wake, akamwomba aipike na mawese na munyu wa kutosha, chumvi iliyokosekana porini. Ilipoletwa aliweka sahani juu ya kaunta, akavuta kigoda, akamwambia mtoto: "Weye usikule. Angalia tu. Miye njo nitakula. Kama majani inauaka, kesho utanikuta nimekufa." Kisha mtu yule aliyekuwa anasema majani ni chakula cha mbuzi akala sahani nzima, akikunja uso kila tonge, na mtoto alimwangalia bila kupepesa macho.

Mke wake alinisimulia yaliyofuata asubuhi yake. Kabla jogoo hajamaliza kuwika mtoto alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chao. Hakuingia. Aliuliza: "Papa, ungali muzima?" Naye akajibu kutoka kitandani: "Ningali muzima. Na njaa iko inaniuma." Mtoto akaenda zake. Mchana mzee akala tena lengalenga, mbele yake. Kesho yake mtoto akasimama tena mlangoni. Ikawa hivyo kwa majuma. Alikula sombe, alikula shu, alikula majani ya maboga na biringanya, mtu ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kutafuna jani, na kila asubuhi alitakiwa kuthibitisha kwamba yu hai. Mara moja nilimkuta akiwa na sahani ya sombe na jasho usoni, nikamwambia apumzike hata siku moja. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Siwezi, dada. Nikiruka siku moja, atasema ni ile siku njo ingeniua."

Kisha mtoto akaanza. Si kwa mboga. Alianza kwa papai, kipande kidogo kama ukucha, baada ya kumwona Papa Biskwi akila nusu nzima. Akalala, akaamka hai, akajishangaa. Baada ya hapo karoti, kwa sababu haikuwa jani, na kwa sababu mama yake mdogo alimpa tuta lake mwenyewe aichimbe kwa mikono. Alikuwa anaipangusa udongo kwenye sketi na kuitafuna palepale. Maracuja, lile tunda la pasheni, aliipenda kwa uchachu wake. Avoka ilichukua muda zaidi. Lengalenga ilikuwa ya mwisho, na siku alipoila hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa Papa Biskwi alikuwa ametukataza. "Mukishangilia atajua tulikuwa na woga," alisema. Kufikia msimu wa maharagwe mtoto alikuwa anakimbia na wenzake jioni pale ufukweni bila kushika ukuta wowote.

Niliwahi kuzungumza na mzee juu ya biashara yake wakati ule, kwa maana nilitaka kujua kama ataacha kuuza biskuti. Alinitazama kama mtu anayeshangaa mwandishi anaishi nchi gani. "Dada, biskwi haiozi," alisema. "Lori ikisimama ku bariere siku tatu, biskwi inangoja. Nyanya haingojake." Nimelifikiri sana neno hilo juu ya vizuizi vya barabarani. Masisi, eneo la Bweremana na Nyamitaba, ina udongo ambao ukichomeka kijiti asubuhi unakuta kimeota. Wageni husema hivyo na sisi husema hivyo. Lakini watoto wetu wengi wanakulia mahali ambapo mama hana hata kipande cha ardhi cha kupanda vitunguu, kwa sababu shamba lake liko mlimani na mlima una wenye bunduki. Shu na karoti zilizobaki zinapakiwa alfajiri kwenda mjini, na watoto wa waliozilima wanabaki na unga. Kinachofika kila mahali, kikivuka kila kizuizi bila kuharibika, ni kile kilichofungwa kwenye plastiki. Tukisema watoto wa siku hizi wanachagua chakula, tujiulize pia ni chakula gani kimeachiwa njia ya kuwafikia. Mtoto huzoea ladha ya kitu kilichokuwepo siku alipokuwa na njaa. Akikulia kwenye biskuti, hana kosa akiiona karoti kuwa kitu kigeni.

Ugonjwa wa mzee uliendelea chini kwa chini. Sitaki msomaji afikiri kwamba mboga zilikuja kuchelewa kidogo tu, na kwamba angezila mapema angekuwa hai. Muuguzi mwenyewe alisema zilimsaidia. Mwaka ule alikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kumwona. Lakini alihitaji dawa, na dawa ilikuwa inatoka mjini, na barabara ilipofungwa ilikuja kwa kuchelewa, kisha haikuja. Alianza kuigawanya ili imfikishe mbele. Alipata kidonda mguuni. Mtoto alipouliza, alimwambia amejikwaa kwenye jiwe. Alimkataza mke wake kutamka neno ugonjwa ndani ya nyumba. Sababu yake ilikuwa ya upendo, naielewa kabisa: mtoto huyu alikuwa amekubali kula kwa sababu anamwona mzima. Akijua kwamba ni mgonjwa, ataunganisha mambo. Basi kila asubuhi, alipoulizwa mlangoni, alijibu kwamba ni mzima, hata asubuhi ambazo hakuweza kusimama.

Nilifika Bweremana mchana. Watu walikuwa wamejaa uani, viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa hadi barabarani, na wanawake walikuwa wanapika maharagwe na lengalenga katika masufuria makubwa kwa ajili ya waombolezaji. Mjane alinipokea akanishika mkono, akaniongoza moja kwa moja hadi stoo ya duka. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni katikati ya makatoni. Sahani ya maharagwe na lengalenga ilikuwa kando yake, imefunikwa na sahani nyingine, na juu yake alikuwa ameweka jiwe la mzani, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Nilikaa chini karibu naye. Nje walikuwa wanaimba.

"Ni miye njo nilimupatia," alisema mtoto.

"Ulimupatia nini, mwanangu?"

"Lengalenga. Ya jana. Niliivuna miye mwenyewe. Mama mudogo akaipika, nikamupelekea ku kitanda. Alikula yote. Halafu akakufa."

Nimeandika safu hii kwa muda mrefu, na nimekaa na watoto wengi waliofiwa, lakini sijawahi kusikia kitu kilichonishinda kama kile. Niliinua macho nikamwona mjane amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Aliingia, akafunga mlango kwa mgongo wake, akaketi sakafuni na kitenge chake cha matanga, akamvuta mtoto wakatazamana.

"Unisikilize," alisema. "Nitakuambia kintu moya ya kweli, na Papa yako alinikataza kuisema. Papa alikuwa na ugonjwa ya sukari. Alikuwa nayo mbele weye ufike hapa. Kabla ata ukuwe mu hii nyumba. Ile kidonda haikuwa ya jiwe. Ilikuwa ya ugonjwa. Dawa haikufika, njo maana amekufa. Lengalenga haikumuua. Ile lengalenga yako njo kintu ya mwisho ilimupendeza mu hii dunia."

Mtoto alimwangalia usoni, akitafuta kama anadanganywa. "Na Mama?"

Mjane alifumba macho kidogo. "Mama yako alikufa na malaria. Wale bamama balikuleta balituambia: alikuwa na homa ya nguvu, na hakukuwa dawa. Ile kutapika ilikuwa ya malaria. Majani haikumuua. Alikuwa anakupatia ya kwake, weye ukule mingi, yeye akule kidogo. Alikuambia anakula mingi juu usikatae. Ile majani njo ilikufikisha Ntoto. Bila ile majani, hungekuwa hapa."

Nje wimbo ulikwisha, mtu akaanza kusali. Kisha mtoto akauliza swali ambalo bado linanikaa kifuani ninapoandika: "Juu ya nini hamukuniambia?"

Mjane hakujitetea. Alisema tu: "Tuliogopa." Wakakumbatiana, na hapo ndipo mtoto alipolia kwa mara ya kwanza, kilio cha mama yake na cha Papa Biskwi kwa pamoja. Mimi nilitoka nje nikawaacha.

Najua mngependa kusikia kwamba alifunua sahani akala. Hakula. Siku ya mazishi alikunywa uji mweupe. Siku iliyofuata alikunywa uji na akakubali ndizi mbivu. Nilikaa hapo hadi matanga yalipovunjwa, na asubuhi ya kuondoka kwangu nilimkuta ameketi jikoni na mama yake mdogo, avoka moja katikati yao, wanaichota kwa vijiko viwili. Mboga za majani bado. Mjane ameniambia kwa simu juzi kwamba anampikia kila siku na kuziweka mezani, anakula mwenyewe, hamwangalii. Labda mwezi ujao, labda mwaka ujao. Macho ya mtoto bado ni mazuri. Wote wawili wanaogopa, na sasa kila mmoja anajua kwamba mwenzake anaogopa.

Basi kwa akina mama na akina papa wanaoniuliza mtoto afanywe nini, jibu langu la leo ni hili. Kuleni naye kile mnachotaka ale, na mkile kweli, kwa sababu mtoto anaangalia kinywa cha mtu mzima kabla ya kusikiliza maneno yake. Hilo Papa Biskwi alilijua kuliko sisi wote, na alilifanya kwa mwili wake mwenyewe. Lakini kuna jambo moja ambalo hata yeye, na upendo wake wote, alilikosa, na sisi sote huku kwetu tunalikosa kwa sababu tumezika watu wengi na tumechoka kueleza. Mtoto aliyefiwa asipoambiwa mtu wake alikufa na nini, atajitafutia sababu peke yake, na atatafuta karibu: katika sahani, katika mkono wake mwenyewe, katika jani. Mwambieni. Mwambieni mapema, kwa maneno mepesi, mkiwa mmekaa chini naye, hata kama mnalia wakati mnasema. Chakula kitakuja baadaye. Kinywa cha mtoto hakifunguki kwa kijiko kikiwa kimefungwa na hofu, na hofu ya namna hiyo haina dawa nyingine ila mtu mzima anayesema kweli.